Mgeni wa Heshima Ukumbini Tausi

Watalii walipoikimbia Diani mwaka wa tisini na saba, disko lililokuwa likimlisha Jethro lilifungwa. Akabaki na koti la kumetameta alilolivaa akiwatangazia wacheza dansi, na ulimi. Koti lilikuwa limechakaa. Ulimi, kwa maoni yake mwenyewe, ulikuwa bado mpya.

Aliuza redio yake apate nauli ya kwenda Nairobi. Lakini kurudi bara na nauli tupu ni aibu, na alipopita Ukunda akasikia akina mama wakifanya mazoezi ya taarab katika Ukumbi wa Tausi, alichungulia, akaona bangili za dhahabu, akajipandisha cheo papo hapo.

"Shikamoo, mama. Mimi ni meneja wa burudani, hoteli ile ya lango la buluu. Tunafungua tena, na kila Jumamosi tunataka taarab. Nafasi ni ya kikundi kimoja tu, na wa Msambweni washaniona. Usajili ni mia mbili kila mtu."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mwanapili, kiongozi wao. "Tutalipa. Ila Jumamosi alasiri uje tukupigie, uketi mbele, mgeni wa heshima."

Tapeli mwenye akili angechukua pesa apande basi. Jethro alikuwa na miezi minane hajapigiwa makofi.

Jumamosi walimkabidhi elfu tatu na mia sita ndani ya leso, wakamnyunyizia marashi, wakamkalisha kwenye kiti chekundu. Basi lake lilikuwa la saa kumi na mbili. Mwanapili akashika kipaza sauti:

*Jethro meneja, moyo wa bahari,*
*Mkono wa kutoa hauna dosari!*

Twaiba, mmoja wa akina mama, aliyeketi kando yake, akamgusa bega. "Umetajwa. Inuka utuze."

"Nitoe pesa?"

"Aliyetajwa hutuza. Asiyetuza ni bahili, na Ukunda nzima itajua kabla ya magharibi."

Jethro akainuka, akampa mwimbaji mia moja. Vigelegele! Alifurahi, tena alifurahi kweli, kuliko siku zote za disko. Akatajwa tena. Akatuza mia tano, akizungusha noti hewani kama aliyezaliwa nazo. Ubeti wa tano leso ikawa tupu. Wa sita ukala nauli. Wa saba, koti la kumetameta likawa mabegani mwa Mwanapili, na lilimkaa vizuri zaidi.

"Mama," alinong'ona Jethro, amebaki na fulana, "nauli yangu..."

"Mwanangu, mlinzi wa lango lile la buluu ni mume wangu. Hapajafunguliwa kitu."

"Mlijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza. Meneja gani wa hoteli huja kwa miguu?" Akamhurumia hata hivyo, akamtilia mkononi noti za kutosha nauli ya basi. "Nenda salama."

Jethro alishukuru kwa moyo wote, akaelekea mlangoni. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, angeliwahi. Nyuma yake kinanda kikalia, na sauti ya Mwanapili ikapanda: *Jethro meneja...*

Akasimama. Akageuka. Mkono wenye noti ulikuwa tayari umeshapanda hewani.