Parsimei Hataki Kuingia Darasani

Jumatatu, 14 Julai 1975

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sadala, ametangaza mkutanoni. Mkaguzi wa elimu ya watu wazima anakuja Jumamosi kutoka mkoani. Atasikiliza madarasa yote mawili ya Kiswahili, langu na la Justa. Msaidizi atakayemridhisha atahamishiwa kituo cha Korogwe.

Korogwe! Nikitoka kazini nafika Kwamndolwa kwa mama kabla chai haijapoa. Taa za umeme. Choo chenye mlango.

Nikishindwa nabaki hapa Kwedimgunga. Hapa kuna fisi. Kuna ng'ombe wanaolala katikati ya njia na kunitazama kama mimi ndiye niliyepotea. Kuna wanafunzi wangu, wafugaji waliohamia kijijini mwaka jana, watu wazima watupu, warefu, wenye fimbo. Mimi nina chaki.

Kwenye karatasi ya ajira kazi yetu ni kuwasaidia walimu. Walimu wenyewe hatujawaona tangu masika. Kwa hiyo tunafundisha, Justa chumba cha mbele, mimi cha nyuma, na kati yetu ukuta wa udongo unaopitisha kila kitu. Justa anafundisha kwa nyimbo. Wanafunzi wake hawawezi kuomba maji ya kunywa, lakini wanaimba kuhusu pamba. Pamba hapa hakuna.

Nimechukua hatua mbili. Kwanza, nimeandika sheria ukutani: HAPA NI KISWAHILI TU. Atakayesema Kimasai atafagia darasa. Pili, nimeruka somo la Jamaa na Ndugu, nikaenda moja kwa moja somo la Dukani. Mkaguzi hatasafiri kutoka Tanga kuja kusikia habari za shangazi.

Naogopa, lakini nina mpango.

Jumanne, 15 Julai

Mpango ni huu. Watu wawili watacheza Dukani mbele ya mkaguzi. Muuzaji: Mama Sintamei, mtu mzima, mwepesi kushika neno, mkali kwa bei. Mnunuzi: Parsimei, kijana mwenye sauti kama ya redio. Hakuna wengine wa kulingana nao.

Tatizo ni Parsimei. Hataki kuingia darasani. Anasimama nje dirishani na kuitikia masomo kutoka huko, tena kwa usahihi, huku ametazama malishoni. Leo nilimkaribisha mara kadhaa. Alitazama chini akasema, "Hapana, asante." Somo la pili. Lafudhi nzuri kabisa.

Nikamwambia Mama Sintamei atoke akamlete. Mama Sintamei akajifunika shuka uso mzima, akaenda kusimama pembeni, akaugeukia ukuta. Nilipogeuka dirishani, Parsimei hayupo. Alikuwa anakwenda mbio, na hakuna kilichokuwa kinamfukuza.

Darasa zima likaanza kusema Kimasai kwa pamoja. Nikanyoosha kidole kwenye sheria. Kimya.

Ndipo Mzee Kimaren, mume wa Mama Sintamei, aliposimama. Alinitazama. Akasema maneno marefu ya Kimasai, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Akamaliza. Akaenda mwenyewe kuchukua ufagio, akafagia.

Mzee wa mvi. Akafagia darasa zima, na wengine wakainua miguu apite. Hakuna aliyecheka. Naogopa laana kuliko fisi.

Jumatano, 16 Julai

Mzee Kimaren amekuja nyumbani kwangu!

Nilikuwa napika. Nikaona kivuli mlangoni, halafu mkuki, halafu mzee. Nikasema shikamoo kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Akaitikia marahaba, akanyoosha mkono kuelekea kichwani kwangu. Nikachuchumaa nikijua ndio mwisho. Akaniwekea kiganja utosini, akakiondoa. Justa anasema ndivyo wazee wao wanavyosalimia vijana. Justa anajua mengi siku hizi. Najiuliza kwa nini.

Mzee akaketi. Akachukua vikombe vyangu viwili. Kimoja akakiweka ndani ya mlango. Kingine akakiweka nje. Akanitazama. Nikavitia chai vyote viwili.

Akatikisa kichwa. Akakileta cha nje karibu na cha ndani, vikagusana, naye akafunika macho kwa kiganja na kusikitika. Nikaongeza sukari.

Alikunywa vyote, kwa heshima, akaondoka. Sijui nimekosa nini. Labda hapendi tangawizi.

Alhamisi, 17 Julai

Justa alikuja kuazima chaki. Kisingizio. Chaki anazo, nilizihesabu kupitia ufa wa ukuta.

Akaanza kuzunguka. Jua limekuwa kali, mkaguzi anasemekana ni mtu wa Handeni hapahapa, Mzigua. Halafu akafika alikokusudia.

"Efrazia, mwenzangu, usiwakutanishe wale wawili. Umeshauliza Mama Sintamei ni nani kwa Parsimei?"

Nikamjibu kwamba darasani kwangu hakuna nani kwa nani. Wote ni wananchi.

"Haya, mwananchi," akasema, akacheka, akaondoka na chaki zangu.

Nimekaa na kufikiri. Justa anataka Korogwe kama mimi. Justa hataki nionyeshe Dukani. Kwa hiyo Dukani ndiyo itakayonipeleka Korogwe. Mtu hafanyi hila dhidi ya kitu kibovu. Nimeshukuru sana kusoma mantiki hadi kidato cha nne.

Na jibu la swali lake nalijua tayari. Wamegombana. Bila shaka ni ndama. Huku kila jambo ni ndama. Basi nitawapatanisha. Wagomvi wawili, wakinunua na kuuza sukari kwa Kiswahili sanifu, mbele ya mkaguzi! Ujamaa ni undugu. Anaweza kutoa machozi.

Jioni Mzee Kimaren alirudi. Vikombe vilevile, kimoja ndani, kimoja nje. Sukari imeniishia. Nimemwonyesha kopo tupu aamini.

Ijumaa, 18 Julai

Darasani hakuja mtu. Hata mmoja.

Nilisimama mbele ya viti vitupu nikasoma bei za chumvi peke yangu, ili Justa asikie kwamba somo linaendelea. Ng'ambo ya ukuta wakaimba pamba.

Mzee Sadala alipita, akachungulia, akauliza wanafunzi wako wapi. Nikasema wako katika marudio ya binafsi. Akasema kwa upole kwamba siku hizi kuna watu wanarudisha nyuma elimu ya wananchi bila kujijua, na wanaitwa wahujumu. Akanitakia mchana mwema.

Akilini nimeona gazeti lenye jina langu. Nimemwona mama akilisoma.

Mchana nimezunguka boma kwa boma, nikipita mbali na ng'ombe. Kwa Mama Sintamei nimesema atakuwa muuzaji, atakaa nyuma ya pazia, peke yake. Akauliza, "Parsimei?" Nikasema Parsimei amekwenda mnadani. Akakubali. Nikamwendea Parsimei, nikasema kesho mlango wa nyuma, na kwamba Mama Sintamei atakuwa kisimani. Akatabasamu. Ni mara ya kwanza kuona meno yake.

Wameelewa kila neno la uongo wangu. Ufundishaji wangu ni bora kuliko nilivyodhani.

Pazia nimetengeneza kwa kanga zangu mbili. Mlango wa mbele nitauzuia kwa dawati, mtu asibadili mawazo. Justa amenikuta nikilisukuma. Hakucheka safari hii. Akasema, "Dada, nakuomba." Nikaendelea kusukuma.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nimejifungia ndani.

Mkaguzi ni Bwana Mbaruku, mnene, mpole, mwenye kofia. Alisikiliza pamba, beti zote. Akaja kwangu. Wanafunzi walikuwa wamerudi, wamejaa. Nilimketisha mbele kabisa, mgongo wake ukitazama mlango wa nyuma. Nikasema atashuhudia duka la ushirika na umoja wa wananchi. Nikafungua mlango wa nyuma. Parsimei akaingia, kifua mbele, kapu mkononi, akatangaza kwa sauti ile ya redio:

"Hodi dukani. Nataka sukari."

Nikavuta pazia.

Mama Sintamei alikuwa ameketi, ana mizani mkononi. Walitazamana. Sijui kueleza ukimya ule. Ulikuwa kama pale sahani imeshatoka mkononi na haijafika sakafuni.

Mizani ikaanguka kwanza. Mama Sintamei akajitupia shuka usoni, akakimbilia mlango wa mbele, akakuta dawati. Akageukia dirisha. Sikujua kwamba mama wa umri ule anaweza kupita dirishani namna ile. Parsimei naye hakuuona tena mlango alioingilia. Aligeuka amefumba macho, akapita katikati ya ukuta. Ukuta! Akatokea katika darasa la Justa pamoja na udongo na fito, na njiani akamwangusha mkaguzi na kiti chake. Wanafunzi wote wakatoka kupitia tundu hilohilo, kwa foleni, wakisema samahani, samahani. Somo la tatu.

Nikabaki mimi, Bwana Mbaruku sakafuni, na vumbi.

Alivaa kofia kabla ya kuinuka. Akauliza yule mama ni nani kwa yule kijana. Ndipo Justa, aliyekuwa amesimama kwenye tundu, alipojibu kwamba Parsimei amemwoa Nalotuesha, na Nalotuesha ni binti wa Mama Sintamei.

Bwana Mbaruku akanigeukia.

"Binti, kwenu Korogwe hakuna wakwe?"

Wapo. Shemeji yangu, mume wa dada, akimwona mama anakuja njiani huruka ndani ya mahindi na kukaa humo mpaka apite. Nimemwona akifanya hivyo utoto wangu wote. Nilidhani anapenda mahindi.

Nilitaka kusema sikujua kwamba na Wamasai wanayo hayo. Sauti iliyosikika kwanza ilikuwa ya Mama Sintamei, kutoka nyuma ya ua wa miiba, kali, wazi, Kiswahili kitupu:

"Mwalimu! Wewe umesema Parsimei yuko mnadani. Umesema uongo. Mimi ni mama ya mke wake. Mimi na yeye hatuonani. Tulitaka kukwambia, umesema fagia. Mume wangu amefagia! Amekuja kwako na vikombe, umempa chai. Mimi nina aibu. Parsimei ana aibu. Wewe una chaki tu."

Kijiji kizima kilisikia. Nikakaa chini pale alipokuwa amekaa mkaguzi. Niliona aibu kwa ajili ya Mama Sintamei, aibu ya kweli, na kwa muda mfupi sikuifikiria Korogwe hata kidogo.

Halafu nikamsikia Bwana Mbaruku akimnong'oneza Mzee Sadala kwamba amekagua Handeni nzima na hajasikia mgeni wa Kiswahili akijieleza hivyo.

Korogwe!

Akatoa uamuzi palepale. Darasa langu ndilo bora. Darasa la Justa linajua pamba tu. Kwa hiyo Justa atapelekwa kituo cha Korogwe, akafundishwe kufundisha. Na mimi, kwa kuwa nimeleta maendeleo makubwa, ni marufuku kunihamisha. Nitakaa Kwedimgunga. Atarudi Oktoba kuona tulipofika.

Justa alinishika mkono. Akasema pole, na nadhani alimaanisha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili, 20 Julai

Mzee Sadala ameamua nikaombe radhi. Nimenunua ugoro, nimekwenda bomani. Ng'ombe wote walinyanyuka kunitazama.

Mama Sintamei aliupokea ugoro, akaunusa, akapiga chafya, akanipa maziwa. Mzee Kimaren akaniwekea kiganja kichwani. Safari hii sikuchuchumaa sana. Waliniomba mambo mawili. Nifute ile sheria ya ukutani. Na nifundishe somo nililoliruka, la Jamaa na Ndugu, ili siku nyingine wawe na maneno.

Parsimei alikuwa nyuma ya zizi, anasikiliza, ametazama upande mwingine. Amesema atakuja Jumatatu, dirishani, kama kawaida.

Nilirudi nyumbani nimetulia. Naandika hivi kwa mshangao: nilitulia.

Jumatatu, 21 Julai

Justa ameondoka na lori la mahindi. Alipunga mkono mpaka kwenye mgunga wa mwisho. Usiku huu atalala penye umeme.

Nimefundisha Jamaa na Ndugu. Wamekuja wote, na Parsimei dirishani. Darasa lilikuwa zuri, la upole. Lakini Kiswahili chao! Neno moja moja, kwa aibu, kama watu wanaotema kokwa. Hata Mama Sintamei. "Huyu ni mjomba." Basi. Kwa mwendo huu, Oktoba tutakuwa bado na mjomba, na mkaguzi hatanipeleka popote.

Nimekaa na kufikiri. Jumamosi Mama Sintamei alisema sentensi kumi mfululizo bila kukosea wakati wa kitenzi hata mara moja. Kwa nini? Kitabu? Hapana. Ni mshtuko. Hapo ndipo lugha inapotoka.

Kwa hiyo mwisho wa somo nimemwomba kila mwanafunzi anieleze mkwe wake ni nani na anakaa boma lipi. Wamefurahi mno kwamba nimeuliza. Mzee Kimaren alinishika mkono. Nalotuesha amenieleza hata wakwe wa jirani zake.

Nimewapanga wote, wawili wawili, kila mtu na mkwe wake, ana kwa ana. Bwana Mbaruku atasikia Kiswahili ambacho hata Tanga mjini hakipo. Wenyewe bado hawajui.

Naogopa kiasi. Kiti changu nitakiweka nje, upande usio na ukuta.