Mlango wa Stenlesi wa Mzee Khalidi

Jumatatu, 4 Julai 1994

Vumbi. Upepo. Castory. Maadui watatu kabla sijanywa chai.

Mzee Khalidi, mwenye kiwanja chetu hapa Makole, ametuita sisi mafundi wake wawili. Anajenga nyumba ya wageni. Siku hizi kila mtu anajenga nyumba ya wageni! Vibanda vyetu vya kazi na kulala vitavunjwa, kitabaki kimoja, kile cha barabarani. Atakaa nani? Mimi Sostenes, fundi bodi za magari kwa miaka kumi na minne, au Castory, niliyemfundisha mwenyewe kushika nyundo? Mzee alituonyesha gari.

Limetoka Dubai. Halina rangi hata tone. Bodi yote ni stenlesi, ina vistari vyembamba kama nywele zilizochanwa, toka mbele hadi nyuma. Juzi akitokea Kondoa alikwepa mbuzi, akaingia kwenye miiba. Mlango wa kushoto umejaa mikwaruzo, na boneti nayo imeguswa kidogo. Jumapili binti yake Asma anaolewa, na gari hilo ndilo la bibi harusi. Atakayerudisha bodi ilivyokuwa, kibanda ni chake. Mwingine ahame.

Nikihama naenda wapi? Chamwino, kwa baba mkwe, nikalime mtama na kusimangwa kila jioni. Siendi! Nimedai nianze mimi, kwa haki ya ukubwa. Castory akasema, haya, bosi, anza. Upole wa namna hiyo unanikera kuliko matusi.

Jumanne, 5 Julai

Nilitaka kupaka rangi ya fedha, niimalize kazi kwa saa moja tu. Mzee amekataa katakata. Eti kama angetaka gari la rangi angenunua la rangi. Wateja wa siku hizi wana midomo.

Ufumbuzi nimeupata nikila ugali. Masufuria! Mke wangu Generosa huyasugua kwa majivu, mchanga na waya mpaka unaona meno yako. Kwao, mwanamke akipeleka msibani sufuria isiyong'aa, anasemwa mwaka mzima. Na stenlesi ni nini kama si sufuria iliyotiwa magurudumu? Nimemwomba anisaidie. Ameniuliza kama gari lenyewe limeomba kupikiwa. Mke mkaidi.

Nimesugua mwenyewe. Duara juu ya duara, toka adhuhuri hadi alasiri. Mikwaruzo imekwisha! Vistari navyo vimekwisha, lakini nani anavihitaji? Mlango unawaka.

Castory amepita, akasema kwa sauti ya chini kwamba hivyo vistari ndivyo anavyovitaka Mzee. Nimemwambia wivu haujengi nyumba.

Jumatano, 6 Julai

Mzee amekuja asubuhi. Nimempa shikamoo ya ushindi. Amelizunguka gari mara mbili. Amesimama mlangoni, amejishika ndevu.

"Sostenes, mwanangu," akasema, "mimi nilikupa mlango. Mbona unanirudishia sinia?"

Sinia! Mbele ya wateja wangu! Mbele ya Castory! Nimeitupa spana chini kwa hasira. Nimemweleza kwamba kosa si la mlango, kosa ni la gari zima kufifia. Ameguna. Amenipa mpaka Ijumaa baada ya swala.

Basi dawa ni kulifanya gari lote lifanane na mlango. Nimesugua bawa la mbele na la nyuma, yale mabati yanayofunika magurudumu. Waya mpya, mkali. Jioni nimelimwagia maji ndoo sita. Mkono umevimba, siwezi kufunga kifungo cha shati.

Alhamisi, 7 Julai

Saba Saba. Taifa limepumzika. Mimi nimepata kutu!

Ndiyo, kutu! Vidoa vya kahawia, mlango mzima na mabawa yote mawili. Stenlesi haishiki kutu, hata mtoto anajua. Sasa kutu imetoka wapi? Kuna jibu moja tu, na limepanga kibanda jirani. Amemwagia maji ya chumvi!

Nimekwenda moja kwa moja kwa Mama Loisi, mjumbe wetu wa nyumba kumi. Nimelia haki. Castory akaitwa, akakana. Mama Loisi akaja na miwani yake, akainama mlangoni, akachokoa kwa ukucha. Akatoa kijipande cha waya, kidogo kama unyusi. Akaniuliza kama nakijua. Kumbe gari halikuoza. Kilichooza ni vumbi la waya wangu lililonasa kwenye bodi, likalala na maji.

Nimeamriwa nimwombe Castory radhi, watu wote wakisikia. Nimeomba kwa sauti ndogo sana. Siihesabu.

Ijumaa, 8 Julai

Mzee ametoka msikitini, ametazama, amempa Castory ufunguo. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata pa kumjibu.

Nimechungulia kwenye uwazi wa uzio hadi magharibi. Kwanza Castory amefuta kutu kwa ndimu. Kisha amefunga msasa kwenye kipande cha ubao, akalowesha maji ya sabuni, akavuta toka mbele hadi nyuma. Akanyanyua, akarudi mbele, akavuta tena. Hazungushi. Harudishi mkono. Anavuta njia moja tu, mwendo wa vistari, saa baada ya saa. Kazi ya kijinga kabisa, haina ufundi wowote!

Jua likizama vistari vyote vimerudi. Nimetamani kuutupia uzio jiwe. Nimeutupia. Jiwe limenirudia gotini.

Jumamosi, 9 Julai

Kibanda ni cha Castory.

Nimefungasha nyundo zangu. Generosa amefunga vyombo kwenye kitenge, machozi yanamtoka. Hilo limeniuma kuliko sinia. Miaka kumi na minne mjini, leo anarudishwa kwa baba yake kwa sababu yangu. Nimeandika hivyo na sifuti.

Saa tisa Castory amebisha hodi. Nilidhani amekuja kucheka. Hakucheka. Amesema mlango na mabawa vimekwisha, imebaki boneti, na kesho asubuhi ana ubatizo wa mtoto wa dada yake huko Ipagala.

"Kaka, boneti ifanye wewe," akasema. "Msasa huu, ubao huu. Vuta tu kufuata vistari vilivyopo. Nimeongea na Mzee. Ikitoka vizuri, unabaki, tunafanya kazi pamoja hapa."

Generosa amefungua kitenge palepale, akabandika chai. Amempa Castory kikombe changu! Nimevumilia.

Jumapili, 10 Julai

Nimeamka mapema, nimevuta boneti nzima. Sikuzungusha hata duara moja. Naapa! Msasa wake, ubao wake, maji ya sabuni, njia moja tu, nanyanyua, narudi, navuta tena.

Lakini nilipoanza nikajiuliza: nikivuta toka mbele hadi nyuma kama yeye, nani atajua boneti ni yangu? Watasema gari lote ni la Castory. Nitakuwa kibarua wa mwanafunzi wangu maisha yangu yote! Basi nimevuta toka taa ya kushoto hadi taa ya kulia. Vistari vimenyooka kama rula. Jua likipiga, gari lote linalala, boneti peke yake inasimama. Ukiwa hata ng'ambo ya barabara unaiona.

Castory amefika kutoka ubatizoni, ameona, ameketi chini na suti yake. Wivu ni maradhi. Generosa ametoka, ametazama, amerudi ndani na kufunga mlango.

Sasa amekuja Mzee, na ndugu wa Kondoa, na maua ya kufunga garini. Ameinama juu ya boneti. Amejishika ndevu. Wapiga dufu wamekaribia na kelele zao, nimewakaripia wanyamaze. Mtu akiona kazi ya namna hii mara ya kwanza, aachwe aitazame kwa utulivu.