Shauri la Dashibodi, Kwa Mama Mkwe

Mama Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea kupata nafuu, na kwamba barua hii imekukuta umekaa, maana yaliyomo hayafai kusomwa kwa kusimama.

YAH: BINTI YAKO NA PLASTIKI ZA NDANI YA GARI

Mama, katika kazi yangu ya ukarani wa mahakama nimeona ndoa zikivunjwa na pombe, na wivu, na ndugu wasiojua kuaga. Sijaona hata moja iliyotikiswa na dashibodi. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyenikabidhi binti huyu mbele ya mashahidi, naona ni adabu shauri hili lifike kwako kabla halijafika kwa majirani, ingawa majirani wamelisikia.

Gari letu unalijua. Kwa nje bado linajikaza. Ndani ndiko jua lilikolimaliza: dashibodi ilikuwa imegeuka majivu, na plastiki za milango zimepauka kama magoti ya mtoto aliyeshinda vumbini. Nikashauri, kwa utaratibu, kwamba tuliuze. Binti yako akasema, "Sawa, baba watoto, tuliuze. Ila niache kwanza nilipake rangi humo ndani, mnunuzi asije akatuonea huruma." Nikakubali. Nilijipalia makaa mwenyewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumba imegeuzwa gereji. Alizifungua plastiki zote kwa bisibisi, akazisugua kwa sabuni na mswaki (wangu, nilikuja kujua baadaye, kwa ladha), halafu ikawa mara spiriti, mara msasa laini, sikufuatilia kipi kilitangulia. Kisha, kwa kuwa ni mkunga, akavaa glavu na barakoa kana kwamba gari limeshikwa na uchungu, akaanza kupuliza. Kwanza rangi ya msingi, ile inayoishawishi plastiki ikubali kushikwa. Halafu nyeusi, nyembamba nyembamba, mkono mmoja wa rangi ukikauka ndipo unafuata mwingine. Kupuliza kulifanyika uani, lakini kukausha kulifanyika sebuleni kwa kuogopa vumbi. Plastiki ya mlango wa dereva ikalala kwenye kochi langu. Nilipouliza mimi nikae wapi, nikajibiwa, "Wewe simama, umeshakauka."

2. Harufu. Nilifika kazini nikinukia spiriti, na hakimu akasimamisha kesi akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna tatizo. Nikasema lipo. Akanipa ruhusa nikapumzike. Mama, nikapumzike wapi?

3. Plastiki ziliporudishwa, gari lilipendeza. Nimeapisha watu wengi mno kiasi kwamba siwezi kusema uongo kwa maandishi: lilipendeza sana. Weusi uliotulia, haung'ai kama kiatu cha mwanasiasa, wala hauna michirizi. Sasa hilo ndilo kosa. Wahenga walisema kipya kinyemi, ila hawakututahadharisha kwamba kipya kina fitina. Dashibodi ilipopendeza, viti vikaonekana vimechakaa. Viti vilipofuliwa, dari ikaonekana chafu. Dari ilipofutwa, tukashuka garini, tukaingia ndani, na binti yako akasimama akilitazama kabati letu la vyombo kwa jicho lile lile alilokuwa akiitazamia dashibodi. Kabati sasa ni jeusi. Meza ya redio nayo ni nyeusi. Jumapili tulikuwa tumekaa garini tukisubiri taa ziruhusu, akanigeukia, akanitazama mvi za kichwani, akanitazama shavuni, akatazama mbele kwenye dashibodi, kisha akanirudia mimi. Akasema, "Hivi wewe ukipigwa msasa kidogo?" Jumatatu nilikuwa kwa kinyozi. Sikumbuki kukubali.

4. Lile la kucha. Nilipokuwa nikikagua kazi (ni haki yangu, kwa sababu jina langu ndilo lililo kwenye kadi ya gari) nikakuta kwenye plastiki ya mlango wa abiria, chini ya rangi mpya, mikwaruzo minne. Haionekani kwa macho, kidole ndicho kinachoijua. Nikamwambia kwa heshima kwamba hapa fundi alipitiwa. Akanikazia macho. "Hizo ni kucha zangu," akasema, "usiku ule unanipeleka hospitali na uchungu wa kitinda mimba wetu, unaendesha kama umebeba trei la mayai. Sehemu zote nimepiga msasa. Hapo sikutaka." Nikaufunga mlango wa gari taratibu. Lakini naomba iandikwe kwamba barabara ilikuwa na mashimo.

5. Na sasa shina la shauri lenyewe. Mnunuzi alikuja. Ni mwuza nyama wa mtaa wa pili, mtu mzito na wa maneno machache. Alipoingia ndani alipitisha kiganja juu ya dashibodi taratibu, kama anayempapasa ng'ombe mwema, akatoka akasema, "Nalichukua. Bei hiyo hiyo." Mama, mwuza nyama hakuomba apunguziwe! Nikanyoosha mkono kumkabidhi funguo. Binti yako akazidaka hewani akasema, "Gari haliuzwi." Mwuza nyama akanitazama mimi, mwanamume mwenzake. Mimi nikatazama tairi. Nimeaibishwa mbele ya mtu ninayemtegemea kwa maini.

Kwa hiyo, Mama, naomba uitishe kikao cha familia, nawe ukikalie kiti cha mbele, na kikao kitamke: kwanza, kwamba rangi inayopakwa ili kitu kiuzwe isigeuke kuwa sababu ya kutokiuza, pili, kwamba makopo yote ya kupuliza yakabidhiwe kwako yakae chini ya kitanda chako, na tatu, kwamba kitu chochote kilichopauka kihalali ndani ya ndoa, nikiwemo mimi, kiachwe na mpauko wake. Nipo tayari kutoa ushahidi. Hata kinyozi nimemwomba aje.

Mfikishie salamu Baba Mkwe, na shangazi wote wawili, yule anayenipenda na yule mwingine. Wajukuu zako hawajambo, wako upande wa mama yao.

Wako katika utii, na kwa sasa mweusi wa nywele kuliko siku uliyonipokea,
Mkweo

Baada ya sahihi: Nimeifungua tena bahasha hapa nje ya posta. Nilipoegesha, bwana mmoja mwenye gari la umri kama wa letu alichungulia dirishani, akapiga mluzi, akauliza ni fundi gani aliyenifanyia kazi hii. Mama, sijui nini kilinipata. Nimesema ni mimi. Jumamosi analeta gari lake. Tafadhali kikao kiahirishwe, na ukizungumza na binti yako muulize tu, kama unayeuliza kwa ajili yako mwenyewe: msasa huanza kabla ya spiriti, au baada?