Kiraka Mbele ya Mama Mkwe

Wenzangu wapiga picha mlioko Tanga, leo nimefedheheka. Nawaandikia mapema mlisikie kwangu, kabla gari la moshi halijawaletea lililotiwa chumvi.

Mnamjua Bwana Mhina, muuza kofia wa Handeni. Huu ni mwaka wa nne anatembea mpaka hapa Korogwe nimpige picha na kofia zake mpya, akaitundike dukani wateja waone. Mteja wa kurudi kila mwaka ninaye yeye tu. (Wengine hupiga moja, wakazeeka nayo.)

Asubuhi kaingia na picha zake tatu za nyuma, kazipanga mezani kwangu. Pazia lile lile la nyuma, lililochorwa mlima. Kiti kile kile. Hata maua ni yale yale, ya karatasi. Akasema kwa upole kwamba watu wa Handeni wanamwuliza kama kofia nazo ni zile zile za mwaka juzi, na kwamba amesikia huko Tanga kuna fundi mwenye mapazia sita. Nilichoka hata kabla ya kuanza kazi. Bwana Mhina akihamia Tanga, mimi narudi kulima.

Nikamwambia leo tunapiga sokoni, penye watu na mwanga. Nikabeba kamera na miguu yake mitatu, vioo viwili vya kunasia picha, na kile kitambaa cheusi cha kujifunika ninapotazama. (Wazo langu mwenyewe. Sina wa kumlaumu.)

Mnajua kioo kinataka mtu atulie mpaka nihesabu nne. Sasa mtulize Mzigua siku ya gulio. Nimefungua kifuniko, moja, mbili, akapita mzee mmoja. Bwana Mhina kainama kumpa shikamoo, kaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za mbuzi, na zote kajibu. Hata mimi ningejibu. Nani atamnyima mzee salamu kwa sababu ya sanduku? Kioo cha kwanza kikaharibika.

Cha pili, kasimama kama nguzo. Nikafungua. Moja, mbili, nikamwona mama mkwe wangu anakuja upande wangu na tenga la ndizi kichwani, katokea Kwamndolwa.

Mila mnazijua. Mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani unampisha, unaingia kichakani. Sokoni hakuna kichaka. Nikazama ndani ya kitambaa cheusi, kichwa na mabega, kifuniko cha kamera kikiwa bado mkononi. Nikajiona mjanja. Nilisahau kwamba kitambaa kinaishia kiunoni.

Tena nilikuwa nimeinama. Tena leo nilivaa suruali, nionekane fundi wa kisasa, na suruali hiyo ina kiraka nyuma, kikubwa, chekundu. Alikishona mke wangu.

Nikasikia tenga linatua chini. Kisha sauti ya mama, nyuma yangu kabisa, ikimwuliza Bwana Mhina, "Baba, hiyo si kanga niliyompa binti yangu siku ya harusi yake?"

Bwana Mhina ni mtu mkweli. "Kanga siijui, mama. Ila aliyeivaa ni mpiga picha wetu."

Mama akamjibu. "Basi mwambie asijisumbue kuficha uso. Kilichobaki chote nimeshakiona."

Soko zima likacheka. Nilikaa humo kitambaani natoka jasho mpaka nikasikia amekwenda zake. Kioo kilikuwa wazi muda wote huo, kimepigwa na mwanga mpaka hakifai.

Tukarudi kwangu, nikatia kioo kingine, nikamkalisha kwenye kiti kile kile nikijua namuaga mteja. Lakini kila nikiinama nyuma ya kamera, Bwana Mhina anaangua kicheko. Nimemsihi, nimemngoja, wapi. Mwisho nikafungua hivyo hivyo, nikahesabu nne huku meno yake yote yako nje.

Alasiri nimemkabidhi. Kaitazama kwa muda mrefu. Kasema Handeni hawajawahi kumwona akicheka, watajaa dukani kuuliza kulikoni, na hao ndio wanunuzi. Tanga haendi tena. Nikashusha pumzi. Alipofika mlangoni akageuka.

"Ila mwakani unichekeshe vile vile."

Jamani, mkwe ninaye mmoja tu.