Kijitu cha Kijani Kimenyamaza

Jumatatu, 1 Novemba 2010, Baraka
Simu yangu imefika kutoka Bujumbura! Haina vitufe, ni kioo kitupu. Ukiiwasha kinatokea kijitu cha kijani, antena mbili kichwani, kinataka ukiguse ndipo uanze. Nimekigusa. Kinadai intaneti kwanza, la sivyo hata kupiga simu hakikubali. Intaneti, katika mji huu wa Baraka! Nasoro, mwenye jenereta ya kuchajia simu za watu, amecheka mbele ya wateja wake, eti nimenunua kioo cha kunyolea. Hasira zikanipanda. Nikasema simu hii ina ramani, inaona wenye bunduki walipo. Kijitu kikipiga kelele, hatari. Kikinyamaza, njia salama. Nasoro akaacha kucheka!

Jumanne, 2 Novemba
Balaa. Mama mkwe, Mama Dorothée, amesikia. Mihogo yake inaozea shambani Lubondja, na njia ya huko wenye bunduki wanaivizia. Mimi na yeye hatutazamani usoni, ndiyo heshima yetu, kwa hiyo amemtuma mke wangu Ketsia aniulize simu inasemaje. Nasoro alikuwa karibu, ametega masikio. Ningefanyaje? Nikagusa. Kimya. Nikasema aende.

Jumatano, 3 Novemba
Ameondoka asubuhi. Mchana, risasi! Upande wa Lubondja! Ketsia hali chakula, ananitazama tu. Nimekigusa kijitu mpaka kidole kinauma. Ndipo nikaona: hakina mdomo! Kina macho mawili na antena, basi. Kingepigaje kelele? Naogopa. Ee Mungu, naogopa kweli.

Alhamisi, 4 Novemba
Amerudi mzima! Hata Lubondja hakufika. Alifanya kama bamama wote wa hapa wanaokwenda mashambani: alikaa mwisho wa mji akingoja wanaoshuka na mizigo. Hakushuka mtu. Akageuka, akalala kwa dada yake kule Lweba. Ujumbe wake kwa Ketsia: “Umwambie bwana yako, njia kama haiko na bantu, iko na kitu. Ile simu yake apatie batoto bachezeye.” Nimejificha nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha.

Ijumaa, 5 Novemba
Nasoro ameniuliza, watu wakisikia, kwa nini siendi Lubondja mwenyewe kuleta mihogo ya mama mkwe. Nimejibu kesho naenda. Kasoro ya simu nimeshaitengeneza: nimekichorea kijitu mdomo juu ya kioo, kwa rangi ya kucha ya Ketsia. Leo tena hakuna aliyeshuka kutoka huko. Vizuri, njia itakuwa nyeupe, hakuna wa kunisumbua. Nimekigusa. Kimya kabisa! Jembe liko tayari.