Kalvati la Kijito cha Tuominen

Jumatatu, 4 Novemba
Mvua. Bi Quisenberry, afisa wa ruzuku, kapiga simu: Alhamisi anakuja kukagua kijito chetu. Akikuta samoni wamefika chini ya kalvati, lile bomba la saruji chini ya barabara linalowazuia, tunapewa fedha za kulibomoa, samaki wapite wakatage juu. Asipowakuta, fedha zinakwenda tena kwa Lorna Haugen wa Mto Dabney. Lorna! Kila mwaka yeye. Wanachama wa kikundi chetu cha kutunza kijito wamesema nikikosa safari hii, niachie uenyekiti.

Nimekwenda kutazama. Samoni hakuna. Kuna tairi.

Jumanne, 5 Novemba
Sijalala. Ila nilipokunywa kahawa akili imekuja. Samoni akishataga hufa, basi mzoga mtoni ni ushahidi tosha. Na kingo za Dabney zimejaa mizoga. Nani atajua?

Darlene, mke wangu, kaniambia niache, nitakuja kuumbuka. Nikamjibu hajui mambo ya uongozi. Akauliza uongozi gani huo wa kuiba maiti.

Jumatano, 6 Novemba
Magunia matatu, jioni, bila tochi, Lorna asinione. Mbwa kakataa kupanda gari kwa ule uvundo. Lakini mimi si mjinga. Samoni wa kufugwa hukatwa kile kipezi cha mgongoni ili ajulikane si wa mtoni, hata mtoto wa hapa anajua. Nimempapasa kila mmoja mgongo. Vipezi vyote vipo.

Nimewapanga chini ya kalvati kwa ustadi. Mmoja nimemwegemeza kwenye jiwe. Vidole vimekufa ganzi.

Alhamisi, 7 Novemba
Aibu. Bi Quisenberry kaja na mtu wa kumsaidia kuhesabu. Nani? Lorna.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Bi Quisenberry akanipongeza, akasema hakutarajia wengi hivyo. Lorna akamgeuza mmoja kwa fimbo. Akamgeuza wa pili. Kisha akacheka mpaka akashika mti.

Hawana mikia. Hata mmoja. Kwetu anayehesabu mizoga humkata mkia kila samaki aliyekwisha kuhesabiwa, asije akahesabiwa mara mbili. Mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha wanachama!

"Mzee Orville," Lorna akasema, "hawa wako wamepandaje mto bila mkia? Walipewa lifti?"

Nikasema labda fisi-maji kala mikia. Bi Quisenberry hakucheka. Jasho likanitoka kwenye mvua ile ile.

Mara tukasikia kishindo. Samoni jike, mzima, mwekundu, anarukia kalvati. Akajigonga kwenye saruji, akaanguka, akaruka tena. Nilitaka kulia, na sioni haya kuliandika hilo.

Bi Quisenberry akasema mmoja hatoshi, lakini kwa ajili yake atarudi wiki ijayo. Wakifika kumi, kalvati linabomolewa. Ila mimi nisisogelee maji. Lorna akaahidi kunichunga.

Ijumaa, 8 Novemba
Kumi! Na wasipofika? Yule jike ataendelea kujipasua kichwa, na mimi kiti sina. Nimewaza usiku kucha na funzo nimelipata. Samaki hawakuwa na kosa. Kosa lilikuwa mikia, na mikia yenyewe imetupwa kule kule kwa Lorna, ya bure.

Nimemwuliza Darlene uzi gani hauozi majini.