Maombi ya Kusahihishwa Upya kwa Mtihani wa Marehemu Mume Wangu

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kwa Daktari Mkuu wa Utafiti,
Wodi ya Ubongo na Mishipa ya Fahamu,
Ghorofa ya pili (au ya tatu, tazama lalamiko langu namba 2).

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini umeamka salama na foleni ya kliniki leo si ndefu sana.

Mimi ni mke wa mshiriki namba 31. Ninyi mlimjua kwa namba hiyo. Mtaani kwetu aliitwa Fundi Herufi, kwa sababu aliandika mabango: ya maduka, ya shule, ya zahanati, na maonyo ya ukutani. Alitutoka miezi minne iliyopita, uvimbe uliporudi.

Wiki iliyopita nilipokea barua yenu ya shukrani pamoja na nakala ya karatasi yake ya mtihani. Asanteni. Barua inasema mlitaka kujua kama mtu anayepasuliwa kichwa ili aondolewe uvimbe wa saratani anabaki na kumbukumbu zake. Inasema mshiriki namba 31 alipata alama 24 kati ya 30 kabla ya kupasuliwa, na alama 19 miezi mitatu baadaye, na kwamba kawaida inaanzia 24. Kwa hiyo kwenye kitabu cha utafiti mnachotaka kukichapa ataandikwa kuwa alishuka. Chini kuna mistari mitatu ya "maoni ya familia". Haikunitosha, nikanunua karatasi.

Maoni yangu ni kwamba mmekosea kusahihisha. Naomba mume wangu aongezewe alama tano kabla kitabu hakijapigwa chapa.

Nieleze kwanza kwa nini nahangaikia alama za mtu ambaye hatafuti tena kazi wala shule. Kwa miaka thelathini na minne nilimpelekea mume wangu chai, naye akasema, "Imepoa." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema imefika. Alipotoka hospitali nikampelekea chai kama kawaida, akasema, "Asante, mama watoto. Chai nzuri." Niligeuka nyuma kuona anaongea na nani. Tangu siku hiyo hakuacha. Alimwambia binti yetu kwamba ana mwandiko mzuri kuliko wake yeye. Aliniambia gauni la bluu linanipendeza, na kwamba alitaka kuniambia hivyo tangu nilinunue, yaani miaka tisa.

Sasa shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliikuta barua yenu mezani. Akaisoma yote, akaipunga hewani na kuniambia, "Shemeji, hayo maneno usiyatie moyoni. Kaka alikuwa ameshachanganyikiwa. Si unaona? Hospitali yenyewe imeandika."

Kwa hiyo, Daktari, ikibaki 19, asante zote zile ni ugonjwa. Ikiwa 24, ni asante. Ndiyo sababu nauliza habari ya alama tano. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku. Aliulizwa leo ni siku gani, akasema Jumanne. Ilikuwa Alhamisi, mkampa sifuri. Lakini kadi yenu ilisema tuje Jumanne, na Jumanne tulikuja. Tukaambiwa daktari yuko mkutanoni, tuje kesho. Kesho yake tukaambiwa fomu zimekwisha. Mume wangu alikuja kufanya mtihani wa Jumanne, na aliufanya. Aliyechelewa si yeye. Alama moja.

2. Ghorofa. Aliulizwa tuko ghorofa ya ngapi, akasema ya pili. Mkaandika kosa, ni ya tatu. Kwenye lifti tulibonyeza 2, na tulipotoka ukutani pameandikwa 3. Nakumbuka vizuri kwa sababu alisimama mbele ya ile 3 akasikitika, akasema aliyeichora alikuwa na haraka ya kwenda kula. Juzi nilirudi kuuliza. Mlinzi aliniambia ni ya pili, muuguzi akasema ya tatu, na mama anayefagia akasema, "Mimi naiita juu, mwanangu." Mkishakubaliana, mtanijulisha. Kwa sasa, alama moja.

3. Saba. Aliambiwa aanze na mia, atoe saba, kisha atoe saba tena na tena, mara tano. Alisema 93, akasema 86, halafu akauliza, "Hizo saba zinakwenda wapi?" Daktari wa Fomu akamjibu, "Endelea tu, mzee." (Ndivyo tulivyomwita yule daktari msichana mwenye mafaili. Aliyempasua tulimwita Daktari wa Kisu, kwa heshima zote.) Mume wangu akasema hawezi kuendelea kutoa vitu bila kujua vinapelekwa wapi. Daktari, huyu ni mtu ambaye miezi mitatu nyuma mlimtoa kichwani kitu cha ukubwa wa ndimu, na hakuna aliyetuambia kilipelekwa wapi. Naona lilikuwa swali zuri kuliko lenu. Alama tatu.

4. Maneno matatu. Aliambiwa ashike maneno haya: ndizi, ufunguo, shati. Baadaye akaulizwa. Akasema ndizi, akasema shati, kisha akanigeukia na kusema, "Ufunguo umeuacha mlangoni." Mkakata alama, eti ameongea mambo mengine. Tulipofika nyumbani ufunguo ulikuwa unaning'inia mlangoni, kwa nje, tangu asubuhi. Ninyi mlitaka neno. Yeye aliwapa na mahali ulipo. Alama moja.

5. Wanyama. Aliambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Alitaja mbuzi, ng'ombe, paka, kuku, na mdogo wake. Mdogo wake mkamfuta, na kwa kuwa orodha ilikuwa fupi mkakata mbili. Mimi nimekaa na shemeji huyu miaka thelathini na minne na sina la kuongeza. Alama mbili.

6. Mchoro. Alipewa karatasi yenye maumbo mawili ya pembe tano yaliyoingiliana, akaambiwa anakili kama yalivyo. Karatasi hiyo imetolewa kopi ya kopi hadi mstari mmoja umelala na pembe moja imepotea kabisa. Aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa mtoto ambaye hajaogeshwa. Akaomba rula. Akayachora yote mawili yakiwa yamenyooka, pembe kumi kamili. Mkaandika "hakunakili". Daktari, maisha yake yote wateja walimletea vitu vilivyopinda ili awarudishie vilivyonyooka. Kama mlitaka kilichopinda kirudi kimepinda, mngemwambia mapema, angekataa kazi. Alama moja. Tena naongeza moja ya shukrani, kwa sababu niliporudi juzi niliona mchoro wake ndio mnaowapa wagonjwa wengine wanakili.

7. Sentensi. Aliambiwa aandike sentensi yoyote iliyo kamili. Akaandika kwa herufi kubwa, zenye nafasi sawa kati yake: USIKOJOE HAPA. Mkaandika pembeni, "haifai". Naomba kujua haifai vipi. Ina kitendo, ina mahali, na kila anayeisoma anaielewa, hata kama si wote wanaotii. Ndiyo sentensi aliyoiandika mara nyingi kuliko zote maishani mwake. Hata jengo lenu la kufulia lina sentensi hiyo ukuta wa nyuma, na aliiandika yeye, na wakati ule mlisema inafaa sana. Alama moja, na moja kwa ajili ya kivuli alichozitia herufi kwa kalamu ya wino, kazi ambayo hata kwa brashi ni ngumu.

Jumla ni alama kumi na mbili. Ukijumlisha na 19 zake, amepata 31 kati ya 30. Najua zimezidi. Hiyo moja ya ziada naomba apewe mshiriki namba 32, mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja, ambaye aliulizwa jina lake akaanza kulia. Kuna alama nyingine moja mliyokata ambayo siioni sababu yake karatasini. Hiyo siidai. Kaeni nayo.

Ili nisionekane napendelea, nami nimefanya utafiti. Jumamosi niliwakalisha watu wanne sebuleni na kuwapa mtihani wenu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupasuliwa kichwa. Binti yetu alipata 28. Fundi bomba, aliyekuja kwa ajili ya sinki, alipata 23, na sinki bado linavuja. Jirani yetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikwama kwenye 65, akasema saa yangu inakimbia, akadai kuanza upya, akakwama tena hapohapo, akaondoka bila kuaga. Nimempa 22. Shemeji alipata 17. Alipoambiwa ataje wanyama alimtaja simba, dakika ikaisha, akasema, "Shemeji, dakika moja ni ndogo hivyo?"

Ukisoma namba hizo kwa utulivu, Daktari, utaona mambo mawili. Kwanza, mtu mwenye saratani na tundu kichwani alimzidi ndugu yake mzima kwa alama mbili, hata kabla hamjasahihisha upya. Pili, aliyepasuliwa ndiye aliyeanza kusema asante, na ambao hawajapasuliwa hakuna aliyeshukuru hata kwa soda niliyowapa. Hitimisho la utafiti wangu ni kwamba upasuaji unasaidia, na mngepaswa kuufanya kwa watu wengi zaidi, na mapema. Kwa msingi huo naomba:

(a) Mshiriki namba 31 aandikwe 24. Nimeshusha kutoka 31 ili msipate shida ya kueleza.

(b) Shemeji yangu awekwe kwenye orodha ya Daktari wa Kisu. Hana uvimbe, lakini nadhani akitazama atapata cha kutoa. Siku za Jumatatu yuko nyumbani tu.

(c) Ile 3 ya ukutani ifutwe na ichorwe upya.

Nisalimie Daktari wa Kisu, aliyekuja kukaa nasi saa nzima siku ile ya mwisho na hakutazama simu yake. Nisalimie Daktari wa Fomu, na umwambie sina kinyongo naye. Wasalimie wauguzi wa zamu zote mbili, mlinzi wa mlangoni, na mama anayefagia juu. Wasalimie washiriki wote, kuanzia namba 1, walio hai na waliotangulia.

Nasubiri alama kwa heshima,
Mke wa mshiriki namba 31

Nyongeza: Binti yetu ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akaniambia, "Mama, hebu waambie na lile jingine." Nimekaa nayo siku mbili. Basi nasema.

Siku ile ya mtihani wa pili kiti changu kilikuwa nyuma ya Daktari wa Fomu. Kila swali mume wangu hakumtazama aliyeuliza, alinitazama mimi. Nikawa namwonyesha. Alipoulizwa mwezi, nilihesabu kwa vidole. Ndizi, nilijifanya naimenya. Shati, nilivuta kola. Mbuzi nilimfanya kwa pembe mbili, kuku kwa viwiko, na hapo karibu nianguke kwenye kiti. Ufunguo ule hakuukumbuka. Aliniona nautafuta kwenye mkoba ili nimwonyeshe, siupati, akajua nimeuacha wapi. Nimehesabu kwa haki: kati ya zile alama 19, nane ni zangu. Mara ya kwanza, kabla ya kupasuliwa, sikumsaidia hata moja. Hakuhitaji.

Kwa hiyo kusahihisha mlisahihisha vizuri, ila hamkujua mnamsahihisha nani. Alama zake halisi ni kumi na moja. Na shemeji mwacheni.

Liko swali moja ambalo haliko kwenye nakala mliyonitumia. Daktari wa Fomu alipokuwa anafunga faili alimwuliza, kwa mazungumzo tu, "Na huyu uliyekuja naye ni nani, mzee?" Hapo sikumwonyesha kitu. Sikujua mtu anaonyesha nini. Alinitazama, akasema, "Jina limenitoka. Lakini huyu ndiye anayejua mambo yangu yote. Mwulizeni yeye."

Swali hilo halikuwa na alama. Andikeni kumi na moja. Na mkifika namba 31 kwenye kitabu chenu, mkumbukeni, nami mnikumbuke.